Benki Kuu Haiwezi Peke Yake

Wako watu wa elimu katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki waaminio ya kuwa thamani ya sarafu ni amana ya Benki Kuu, na ya Benki Kuu pekee. Kwa maoni yao apewe Gavana uhuru wake, afungiwe mlango mawaziri wasimfikie, aachiwe riba aipandishe na kuishusha kwa busara yake, na bei za vitu zitatulia. Shilingi ikidhoofu humwuliza Gavana peke yake. Ikipata nguvu humsifu Gavana peke yake. Imani hii imekuwa maarufu hata imeingia katika mihadhara ya vyuo, na mwanafunzi aujibuye mtihani kwa maneno hayo hupata alama nzuri. Mimi naipinga.

Siipingi ili kuwaunga mkono wale wa upande wa pili, waulizao kwa nini dola yenye ruhusa ya kuchapa noti ihangaike kutoza kodi na kukopa. Hao historia imekwisha kuwajibu, na nitawarudia mbele kwa muda mfupi. Naipinga kwa sababu ina nusu ya kweli, na nusu hiyo imetosha kuwanyamazisha wengi wasiulize habari za nusu iliyobaki.

Kwanza tuione kazi ilivyo. Benki Kuu hutawala wingi wa fedha na bei ya kuzikopa. Huweka riba ambayo mabenki mengine huitazama kabla ya kuweka zao. Huyaamuru mabenki hayo yahifadhi kwake sehemu ya amana za wateja. Hununua na kuuza hati za Serikali, ikinunua fedha hutoka kwenda kwa watu, ikiuza fedha hurudi ndani. Hiyo ndiyo siasa ya fedha, au sera ya fedha kama isemwavyo zaidi siku hizi. Hazina, kwa upande wake, hutoza kodi, hulipa mishahara, hujenga barabara na hukopa. Vitabu huziweka kazi hizi katika sura mbili mbalimbali, na hapo ndipo upotevu unapoanza, kwani nje ya kitabu hazina mpaka. Serikali itumiapo zaidi ya ilichokusanya, pengo hilo halina budi kuzibwa. Itakopa kwa watu wake, au itakopa ng'ambo, au itakopa kwa Benki Kuu. Ikikopa kwa watu wake, riba hupanda, na Gavana aliyetaka kuishusha amekwisha kushindwa. Ikikopa kwa Benki Kuu, fedha mpya zimezaliwa, na Gavana aliyetaka kuzipunguza amezizidisha kwa mkono wake mwenyewe. Ikikopa ng'ambo, deni litadaiwa kwa dola, na siku shilingi itakaposhuka deni litapanda bila ya mtu kukopa senti moja zaidi. Hakuna njia kati ya hizi isiyopita mlangoni pa Benki.

Twende Kenya mwaka 1992. Wafadhili walikuwa wamezuia misaada tangu Novemba 1991. Uchaguzi mkuu wa vyama vingi, wa kwanza baada ya zaidi ya miaka ishirini, ulikuwa unakaribia, na ulifanyika tarehe 29 Desemba. Fedha zilimwagika mwaka ule kama maji ya mfereji uliopasuka. Ndiyo miaka ambayo kampuni iitwayo Goldenberg ililipwa fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyo na migodi ya almasi na ambayo dhahabu yake ilikuwa haba. Tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, ilikaa muda mrefu ikiyachambua malipo hayo. Msomaji aangalie jambo moja katika kisa hiki ambalo kelele za ufisadi zimelifunika. Fedha zile zilipita Hazina na zilipita Benki Kuu. Hapakuwa na ukuta kati ya nyumba hizi mbili, wala hapakuwa na mashauri kati yao. Palikuwa na amri upande mmoja na utii upande mwingine, na utii wa namna hiyo si ushirikiano.

Matokeo yalikuja mwaka 1993. Bei zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 46. Dola ya Kimarekani iliyokuwa ikinunuliwa kwa shilingi 32 kwa wastani wa mwaka 1992 ilifika shilingi 58 kwa wastani wa mwaka uliofuata. Mtu ambaye mshahara wake haukuongezwa, kila shilingi 1,000 aliyoipokea ilimnunulia vitu vya shilingi 685 za mwaka uliopita. Hakuna Bunge lililokaa likapitisha kodi hiyo. Hakuna karani aliyeandika stakabadhi yake. Lakini ilitozwa, na ilitozwa zaidi kwa yule ambaye mali yake yote ni noti zilizofungwa katika pindo la kanga kuliko kwa mwenye nyumba, mashamba na akiba ya dola.

Hapo ndipo watetezi wa Benki peke yake hunionyesha kidole. Tazama, husema, mwezi wa Julai 1993 aliwekwa Gavana mpya, Micah Cheserem; Benki ikauza hati za Serikali kwa wingi, ikazivuta fedha zilizozidi, na baada ya muda bei zikatulia. Je, si ushahidi kwamba Benki huweza? Nami nasema ni ushahidi, ila wauzungushe upande wa pili wausome vizuri. Riba ya hati hizo za miezi mitatu ilipita asilimia 70 kwa mwaka. Mwenye shilingi 100 aliyezikopesha Serikali kwa riba hiyo alipata shilingi 17 na nusu juu yake katika muda wa miezi mitatu, akiwa ameketi kitini. Nani aliyezilipa? Hazina. Hazina ilizipata wapi? Kwa mlipa kodi, na kwa kukopa tena ili kulipa riba ya mikopo iliyotangulia. Basi mtu yule yule aliyenyang'anywa kwa bei mwanzoni mwa mwaka alinyang'anywa kwa kodi baadaye, na aliyekuwa na fedha za ziada alilipwa vizuri kwa kukubali kuziweka kando. Benki ilitibu homa, naam, lakini gharama ya dawa iliandikwa katika daftari la Hazina, na deni la ndani likawa mzigo wa bajeti za miaka mingi.

Hesabu hii si yangu. Mwaka 1981 Wamarekani wawili, Thomas Sargent na Neil Wallace, waliionyesha kwa ukamilifu: ikiwa Hazina inaendelea kutumia kuliko mapato yake, na Benki Kuu inakataa kuchapa, deni na riba yake vitakua hadi siku ambapo hakuna mtu atakayekubali kukopesha zaidi, siku hiyo Benki italazimika kuchapa, na kuchapa zaidi kuliko ingalivyochapa mwanzoni. Ukali wa leo huwa ughali wa kesho. Wasomi wetu wameisoma makala hiyo. Nashangaa kwamba wengi wameitumia kuwakemea mawaziri tu, hali inawakemea wao pia, waliotuambia kwamba Gavana mwenye msimamo atosha.

Sasa tuvuke mpaka. Katika mwaka huo huo wa 1992 Uganda nayo ilikuwa taabuni. Misaada ilichelewa, wizara zikatumia kama kwamba imekuja, Serikali ikajikopesha kwa Benki Kuu, na bei zikapanda kupita asilimia 50. Kufikia hapo hadithi ni ile ile ya Kenya. Lakini Uganda haikumwachia Gavana mzigo. Iliziunganisha Wizara ya Fedha na Wizara ya Mipango kuwa moja, ikamweka Emmanuel Tumusiime-Mutebile kuwa Katibu Mkuu wake, na ikaweka sheria rahisi hata mtoto huielewa: mwezi huu wizara itapewa kutokana na fedha zilizokwisha kuingia, wala haitapewa kutokana na zile zinazotarajiwa. Kufikia katikati ya mwaka 1993 ughali ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10. Tiba ilianzia Hazina, na Benki ikaweza kufanya kazi yake kwa sababu haikuwa ikiteka maji kwa mkono mmoja na kumwagiwa kwa ndoo upande wa pili.

Sitaki kuipamba bajeti hiyo ya fedha taslimu. Ilikuwa na ukatili wake: mapato yakipungua mwezi mmoja, zahanati hukosa dawa mwezi huo huo, na ugonjwa haungoji forodha ikusanye. Uganda yenyewe ililitambua hilo, ikazikinga baadhi ya huduma zisikatwe, na mwaka 1998 ikaunda mfuko maalumu wa kupambana na umaskini kwa fedha zilizotokana na kusamehewa madeni.

Kisa cha Mutebile kina sehemu ya pili, nayo kwangu ina uzito kuliko ya kwanza. Mtu huyu aliyeitengeneza Hazina mwaka 1992 aliwekwa kuwa Gavana wa Benki Kuu mwaka 2001, akakaa katika kiti hicho hadi alipofariki Januari 2022. Alikuwa na elimu ile ile, tabia ile ile, na ukali ule ule. Mwaka 2011 Serikali ilitumia kwa wingi katika msimu wa uchaguzi, ikanunua na ndege za kivita za Kirusi kwa mamia ya mamilioni ya dola. Ukame na bei za vyakula duniani vikaongeza taabu, na ifikapo Oktoba ughali ulikuwa kama asilimia 30. Mutebile alisema hadharani kwamba matumizi ya Serikali yanaiharibu kazi yake. Kisha akafanya lililobaki mkononi mwake: akaipandisha riba ya Benki Kuu hadi asilimia 23 mwezi wa Novemba. Ughali ulishuka mwaka uliofuata, lakini mwenye duka aliyekopa, mkulima aliyekopa, na kijana aliyetaka kukopa ndio waliolipia ndege. Nani atasema tena kwamba jambo ni kumpata Gavana hodari? Gavana hodari alikuwapo.

Niliahidi kuwarudia wenye mtambo wa noti. Zaire ya Mobutu itatosha. Mwishoni mwa mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi aliitangaza kuwa si fedha halali. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti hiyo, wafanya biashara wa Kinshasa wakaikataa, na askari wakaingia mitaani kuua na kupora. Oktoba mwaka huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na bado bei ziliendelea kupanda kwa maelfu ya asilimia. Ila wenyeji wa Kasai waliikataa sarafu mpya, wakaendelea na noti kuukuu zilizochakaa, ambazo hapana mtu aliyekuwa akizichapa tena. Nazo zikashika thamani yake kuliko mpya zilizotoka Kinshasa. Wachuuzi wa Mbuji-Mayi hawakusoma Sargent na Wallace. Walijua tu ya kuwa noti isiyochapwa haiongezeki.

Kwa upande wetu Tanzania, kosa lilikuwa la namna nyingine, na lafaa kuangaliwa na wale wadhanio kwamba nakisi ya Serikali ni ile tu inayosomwa Bungeni mwezi wa Juni. Katika miaka ya 1980 bei zilipanda kwa kadiri ya asilimia 30 mwaka baada ya mwaka. Vita vya Kagera na bei ya mafuta vilichangia, lakini ulikuwapo mfereji wa chini kwa chini. Mamlaka za mazao na mashirika ya umma yaliyopata hasara yalikopa kwa Benki ya Taifa ya Biashara yasiweze kulipa, na Benki Kuu ikawa nyuma yao. Hasara hizo hazikuandikwa katika bajeti. Kwa kweli zilikuwa matumizi ya Serikali yaliyovaa kanzu ya mikopo ya biashara. Ndiyo maana magavana wa siku zile, hata angalikuwapo malaika kati yao, wasingaliweza kuituliza shilingi. Mambo yalitengenea pale nyumba zote mbili zilipotengenezwa pamoja: sheria ya mwaka 1995 iliyoipa Benki Kuu kazi ya kwanza ya kutuliza bei, bajeti ya fedha taslimu na Mamlaka ya Mapato mwaka 1996, kugawanywa kwa Benki ya Taifa ya Biashara mwaka 1997. Ughali uliokuwa zaidi ya asilimia 30 mwaka 1994 ulikuwa chini ya 10 mwaka 1999. Atakayeniambia ni sheria ya 1995 peke yake iliyofanya kazi hiyo anionyeshe jinsi ingaliwezekana bila ya hayo mengine.

Nayo makosa hayakwisha. Mwaka 2016 Bunge la Kenya, likisikia vilio vya wakopaji, lilipitisha sheria kwamba mkopo usizidi riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Ikiwa riba ya Benki Kuu ni 10, mkopo usipite 14. Nia ilikuwa njema. Lakini Hazina haikupunguza kukopa. Mabenki yalipima: kumkopesha fundi cherehani kwa 14, naye huenda asilipe, au kuikopesha Serikali kwa riba isiyo mbali sana, nayo hulipa kila mara. Fundi cherehani alirudi nyumbani mikono mitupu. Hata chombo cha Gavana kikageuka makali: akishusha riba ili watu wakope zaidi, kikomo nacho hushuka, na mabenki huzidi kuwakataa wadogo. Sheria ilifutwa Novemba 2019. Kilichowaumiza wakopaji kwa sehemu kubwa kilikuwa njaa ya Hazina yenyewe, na dawa ikapakwa mahali pasipouma.

Asidhani msomaji kwamba ushirikiano ninaoudai ni kufunga mkanda tu. Uchumi ukizimia, wajibu hugeuka, na hapo Benki peke yake huwa dhaifu zaidi, kwani waweza kushusha riba hata karibu ya sifuri na mwenye kiwanda asikope ikiwa hana wanunuzi. John Maynard Keynes aliliona hilo katika dhiki ya miaka ya 1930. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga masoko, Kenya iliziendesha nyumba zote mbili upande mmoja: Hazina ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili hadi mwisho wa mwaka, na Benki Kuu ikaishusha riba yake kutoka 8.25 hadi 7, na akiba ya lazima ya mabenki kutoka 5.25 hadi 4.25. Ughali wa mwaka ule ulikuwa kati ya asilimia 5 na 6. Haikuondoa dhiki, lakini hapakuwa na mmoja aliyeyavunja ya mwenziwe.

Najua jibu nitakalopewa. Wataniambia: ukimketisha Gavana meza moja na Waziri, Waziri atamla. Hofu hii ni ya haki, na Kenya ya 1992 ni shahidi wake. Lakini kuketi pamoja si kutiishwa. Sheria zetu zimekwisha kuijua tofauti hiyo: ya Tanzania ya mwaka 2006 iliweka mikopo ya Benki Kuu kwa Serikali isipite moja ya nane ya mapato, na ya Kenya iliweka asilimia 5 ya mapato yaliyokaguliwa. Vikomo hivi havimfungi Gavana, vyamfunga Waziri. Jan Tinbergen alifundisha tangu mwaka 1952 kwamba mwenye malengo mawili anahitaji vyombo viwili. Kosa ni kudhani kwamba vyombo viwili vyaweza kutumiwa na watu wasiosemezana. Linalokosekana ni mashauri ya wazi: Hazina itangaze kila mwezi, wala isingoje mwisho wa mwaka, imechukua kiasi gani Benki Kuu, na Benki itangaze gharama ya hati inazouza kuyavuta maji ambayo Hazina imeyamwaga.

Suala hili litakuwa kubwa zaidi kuliko lilivyokuwa. Tangu mwaka 1919 hadi 1966 nchi hizi zilitumia sarafu moja chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, nayo ilitulia kwa sababu noti zake zilitolewa dhidi ya paundi za Kiingereza zilizowekwa London, na hapakuwa na Waziri wa Nairobi, Kampala wala Dar es Salaam aliyeweza kuitumia kulipia bajeti yake. Ilikuwa sarafu ya wakoloni, na kuiacha kulikuwa haki yetu. Mwaka 2013, tarehe 30 Novemba, wakuu wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki walitia saini mjini Kampala Itifaki ya kuirudisha sarafu moja, safari hii iwe yetu. Masharti yake yanahesabika: ughali usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti pamoja na misaada isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50 kwa thamani ya leo, akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi minne na nusu ya bidhaa zinazoagizwa. Sarafu hiyo iliwekewa mwaka 2024. Mwaka huo ukapita, na tarehe ikasogezwa hadi 2031.

Watu wetu wakijadili Itifaki hiyo hubishana juu ya mji utakaokuwa na makao ya Benki na sura itakayochorwa juu ya noti. Mimi nauliza jambo jingine. Benki itakuwa moja, Hazina zitakuwa nyingi kama zilivyo nchi wanachama, kila moja na uchaguzi wake na wadeni wake. Siku moja kati ya hizo itakapotumia kuliko mapato yake, ni nani, kwa mamlaka gani, atakayeizuia kabla ya bei kupanda katika nchi za majirani wasiokopa kitu? Itifaki imetaja asilimia 3. Haijatupatia mtu wa kuzilinda.